Nyumba ya bibi Ngamiani, tuivunje tujenge ya tofali au tuikarabati? Naombeni ushauri

Mjukuu_Ngamiani

Habari zenu wakuu, shikamooni wakubwa. Naombeni mawazo maana nyumbani tumegawanyika, kila mtu anaona yeye ndo yuko sahihi na mi nimepewa kazi ya kukusanya ushauri kabla hatujakaa tena.

Nyumba iko Ngamiani hapa hapa Tanga, ya bibi yetu mzaa mama, Mungu amrehemu. Ni zile nyumba za kiswahili mnazozijua, baraza mbele, korido imenyooka katikati mpaka uani, vyumba vitatu huku vitatu kule, uani kuna jiko, choo na kisima. Vyumba vinne vya mbele kuta zake ni mawe ya matumbawe na chokaa, nene kweli, nimepima pale dirishani inakaribia nusu mita. Vile viwili vya nyuma viliongezwa baadaye, ni miti na udongo halafu juu lipu ya simenti. Bati zimeliwa na kutu, mchana ukiwa ndani ukaangalia juu unaona mwanga kila mahali.

Shida zenyewe sasa. Ukuta wa chini mpaka karibu usawa wa kiuno umelowa mwaka mzima, rangi inabanduka inatoka na unga mweupe, ukiuonja ni chumvi. Enzi za uhai wa bibi palipigwa lipu ya simenti kuficha ule unyevu, ikakaa masika mbili hivi ikaanza kudondoka vipande vizima. Halafu barabara ya mtaa imeinuliwa, baraza letu sa hivi liko chini, mvua za Mei maji yanakuja kusimama kwenye kizingiti. Na vyumba vya upande wa magharibi kuanzia saa tisa alasiri mpaka usiku mkubwa havikaliki kwa joto.

Kaka yangu mkubwa anataka tuvunje yote, tujenge vyumba vya kupangisha vya tofali na lile paa la kujificha la kisasa, kila chumba na kiyoyozi chake, anasema tangu bomba la mafuta lije Chongoleani wapangaji hawakosekani Tanga. Mama yetu anataka arudi akae pale, ana miaka 70 na kitu na magoti yanamsumbua. Mimi nataka nyumba ambayo watoto wetu hawatakuja kuanza upya, isiyokula LUKU, na umeme au maji yakikatika watu waendelee na maisha. Hela haipo ya mkupuo, tutaenda kidogo kidogo. Mngekuwa nyie mngeanzia wapi?

---

FundiMawe_Chumbageni

Mdogo wangu msivunje hizo kuta za mbele. Nasema hivyo kwa sababu kuta za mawe ndo kazi iliyonilea, na ukuta kama huo ukishauangusha leo huwezi kuujenga tena hata uwe na hela, kung'oa matumbawe baharini ni kuharibu mazalia ya samaki na ni kesi, na mafundi wanaojua kupanga yale mawe tunazidi kupungua. Nenda siku moja pale Tongoni ukayaangalie yale magofu ya msikiti na makaburi ya nguzo, yana zaidi ya miaka 500, hayana paa, upepo wa bahari unayapiga usiku na mchana na bado kuna kuta zimesimama. Mawe na chokaa tu pale hakuna mfuko hata mmoja wa simenti.

Sasa huo unyevu. Nyumba za zamani hazina ule mkanda wa nailoni tunaoweka siku hizi juu ya msingi kuzuia maji yasipande. Maji ya ardhini yanapanda kwenye ukuta yakiwa na chumvi yake, na zamani yalikuwa yanatokea kwenye lipu ya chokaa yanakaukia hewani, basi, ukuta unapumua. Ilipokuja simenti njia ikazibwa, maji yakakosa pa kutokea yakazidi kupanda juu, ndo maana umelowa mpaka kiunoni badala ya kuishia kwenye vifundo vya miguu. Na chumvi inajikusanya nyuma ya lipu, ikikauka inaganda inavimba inaisukuma lipu nje na safari hiyo inaondoka na uso wa jiwe. Kwahiyo ukipiga simenti tena, hata kama ni ile ya kuzuia maji wanayokuuzia kwa bei kubwa, unaharibu zaidi.

Fanyeni hivi. Kwanza pita na nyundo ndogo ugonge ukuta wote polepole ukisikiliza, palipoachia panatoa sauti ya debe tupu, weka alama ya chaki. Bandueni simenti yote ya ndani na nje kwa tindo na nyundo ya mkono, msikubali mtu alete ile mashine ya kuvunjia zege maana mtetemo wake unalegeza udongo na chokaa iliyoshika mawe ndani na ukuta ukilegea katikati huoni mpaka siku unapopasuka. Ukuta ukishakuwa uchi uacheni ukauke, miezi, si wiki. Chumvi itazidi kuchomoza, msishtuke, ifagieni kwa brashi kavu muikusanye mkaitupe mbali, msiioshe kwa maji maana mtairudisha ndani.

Wakati huo huo shughulikieni maji ya nje, na hili ndo lingekuwa la kwanza kabla ya yote. Pembeni mwa ukuta shusheni udongo uwe chini kuliko sakafu ya ndani, chimbeni mtaro wenye mteremko wa kupeleka maji mbali mjaze kokoto. Msimwage zege la kuegemea ukutani kama wanavyofanya wengi, linafunga unyevu ardhini na njia pekee inayobaki ni kupanda ukutani. Kwa mbele kwa sababu barabara imewazidi kimo itabidi baraza liinuliwe kidogo na kuwe na mtaro wenye mfuniko wa nondo kati ya baraza na barabara.

Lipu mpya iwe chokaa. Chokaa inachomwa hapa hapa Amboni wala huhangaiki. Ndoo moja ya chokaa kwa tatu za mchanga msafi wa mto, tabaka jembamba la kama sentimita moja, unasubiri lishike ndo unaongeza la pili, na kila siku unarashia maji kidogo na kuning'iniza magunia yaliyoloweshwa ili isikaukie juani haraka. Ni kazi ya subira. Juu yake paka chokaa ya maji, msipake rangi ya mafuta wala ile ya plastiki inayong'aa.

---

Mjenzi_Kange

Namheshimu fundi hapo juu na alichosema kuhusu unyevu ni kweli kabisa, ila tuzungumze na upande wa kaka mkubwa maana naye ana hoja. Nyumba ya familia isiyoingiza kitu mara nyingi inaishia kuachwa mpaka inaanguka yenyewe, tumeziona nyingi tu Ngamiani na Usagara. Vile vyumba viwili vya miti na udongo mi ningevivunja bila kusita, miti ikishaingia mchwa na ukaifunika na simenti huwezi kujua imebaki nini ndani, unaweza kukuta lipu ndo inashikilia nyumba. Hapo mjenge vyumba viwili au vitatu vipya vya tofali vyenye mlango wake wa uani vya kupangisha, kaka apate kodi, mama apate nyumba yake mbele.

Ila mkijenga hivyo vipya mjenge kwa akili ya pwani. Mchanga. Watu wanaleta mchanga wa ufukweni kwa sababu ni karibu na bei rahisi, ule una chumvi, chumvi inakula nondo ndani ya zege, kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe kwahiyo inavimba na kupasua linta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, kwa ndani, unaona ufa umenyooka kufuata nondo halafu kipande cha chini kinadondoka. Chukua mchanga kidogo weka ulimini kabla gari halijashusha, ukisikia chumvi mwambie ageuze. Maji ya kisima cha chumvi usichanganyie zege. Na nondo zisiguse mbao za boksi, wekeni vile vijiwe vya zege chini yake ili kila nondo ipate zege la milimita 40 au 50 kuizunguka, fundi atakwambia haina haja, simamia hapo hapo mpaka umuone amezipanga.

Na paa la kujificha kwa Tanga sikushauri kabisa. Lile bati limezungukwa na ukuta, maji yote yanakusanyika kwenye mfereji mmoja wa ndani, majani yakiziba siku ya mvua ya Mei maji yanarudi kwenye dari. Halafu kuta zinabaki bila kivuli wala kofia, mvua ya kusi inakuja kwa ubavu inapiga ukuta moja kwa moja. Paa la pwani lijitokeze nje, sentimita 90 kama uwanja unaruhusu.

Kuhusu nyufa, kabla ya kutumia hata shilingi, ita mtu anayejua akague kama kuta za mbele zimesimama wima. Teremsha timazi, ile kamba yenye uzito chini, kwenye kila kona. Na ufa wa kwenye lipu ni kitu kimoja, ufa unaopita mpaka ndani na mlango haufungi ni kingine.

---

Binti_Bagamoyo

Nimesoma nikafurahi maana haya ndo tuliyapitia kwetu Bagamoyo kwenye nyumba ya baba. Sisi tuko ndani ya Mji Mkongwe kwahiyo kwanza ilibidi kuongea na watu wa Mambo ya Kale kabla ya kugusa ukuta, kuna sheria tangu 1964. Kwa Ngamiani sidhani kama itakufikia hiyo ila nendeni jijini mkaulizie kibali maana ukibadilisha paa na kuongeza vyumba huo si ukarabati mdogo tena, wakikukuta katikati ya kazi watakuwekea ile X nyekundu na hela imeshaingia.

Naongezea kwa fundi kuhusu chokaa. Ile ya mfuko ukiichanganya siku hiyo hiyo na mchanga ukapiga inatoa unga mkononi kila ukiegemea ukuta. Sisi mzee aliyetufanyia kazi aliiloweka kwenye mapipa, maji yamesimama juu yake kama kiganja, akayafunika na kuyaacha wiki nyingi mpaka ikawa nzito ya kunata, ukiikata na mwiko inabaki imesimama haimwagiki. Hiyo ndo ikichanganywa na mchanga inashika jiwe. Na wale wanaoleta ya mawe ambayo haijalowekwa kabisa muwe makini sana, ikikutana na maji inachemka kweli kweli, vaeni miwani na glavu na watoto wasikaribie, jicho likiingia chokaa ni hatari.

Nyumba yetu ina ghorofa ndogo na ilikuwa ya boriti za mikoko, nadhani ndo maana vyumba vya zamani vyembamba, boriti zenyewe hazivuki mita tatu. Zilizooza tulitaka tubadilishe na mikoko mingine tukakuta huwezi kukata wala kununua bila kibali cha TFS, wakala wa misitu wa serikali, na ni haki, mikoko ndo inayoshika ufukwe wetu. Tukatumia msaji, ile mbao ya tiki. Nyie Tanga mmebarikiwa, shamba la msaji la Longuza liko hapo Muheza, ulizieni wenye risiti. Msaji mchwa hausumbui kirahisi, ukilinganisha na mbao laini ambayo hata ikipigwa dawa inabidi uangalie kweli dawa imeingia mpaka ndani, kata kipande uone kama rangi ya kijani imeishia juu juu.

Kitu kimoja nilichokiona baada ya kubandua simenti na kupiga chokaa, harufu ile ya uvundo iliyokuwa kwenye nguo kabatini imeondoka. Wanangu walikuwa wanakohoa kila masika. Sikutegemea ukuta ungekuwa na uhusiano na kifua cha mtoto.

---

Mjukuu_Ngamiani

Asanteni sana, hapa nimeshapata cha kusema kikaoni. FundiMawe nimepita na nyundo leo jioni upande wa barabarani, karibu ukuta mzima wa chini unalia tupu.

Sasa naomba wa mambo ya joto, paa na sola. Kaka anasema bila viyoyozi hakuna mpangaji. Na kuna mtu amenipigia hesabu ya sola ya nyumba nzima hela yake ni ya kujengea chumba. Makuti je? Bibi alikuwa anasema zamani yalikuwa makuti na kulikuwa na baridi.

---

Injinia_wa_Kusi

Makuti yana ubaridi kweli ila kwa Ngamiani nyumba zimebanana hivyo moto ukianza jirani hamna muda wa kutoa hata godoro, na maji ya mvua yanayopita kwenye makuti yanatoka ya kahawia huwezi kuyavuna vizuri. Wekeni bati, ila bati kwa akili.

Tanga iko kama digrii 5 kusini ya ikweta. Maana yake jua la saa sita linapita karibu na utosi, mwezi wa sita linaegemea kaskazini, wa kumi na mbili kusini, na pande zote hizo mbili linakuwa juu sana kiasi kwamba paa lililojitokeza linatosha kukinga ukuta. Jua baya ni la asubuhi na la alasiri kwa sababu linakuja chini chini linaingia mpaka chini ya kofia ya paa, na la alasiri linakuta hewa imeshapata moto. Ndo hivyo vyumba vyako vya magharibi. Ukuta wa nusu mita wa mawe unapokea joto mchana kutwa polepole na unalitoa usiku polepole, ukiukinga na kivuli huo unene unakuwa msaada, ukiuacha uchomwe unakuwa jiko la usiku. Kwahiyo upande wa magharibi dawa ni kivuli cha nje, pazia la ndani halisaidii sana kwa sababu joto limeshapita kioo. Kama kuna nafasi hata ya mita mbili jengeni kibaraza cha kuezeka, kama hakuna ning'inizeni majamvi au mikeka nje ya madirisha, na kama jirani anakubali pandeni mwarobaini mpakani ila usiwe karibu na msingi wala karo.

Upepo sasa. Kusi inatoka kusini mashariki, kaskazi inatoka kaskazini mashariki, Tanga mwaka karibu wote upepo mzuri unatoka upande wa bahari. Ile korido ya nyumba ya kiswahili waliijenga kwa maana, mlango wa mbele na wa uani vikiwa wazi upepo unanyooka unapita na kila chumba kinavuta hewa yake kupitia pale juu ya mlango. Nakuomba sana, hata kama kaka atajenga vyumba vya kodi msijaze ua wote. Ua ukijaa korido inakufa, na korido ikifa ndo unaanza kununua viyoyozi. Acheni angalau nafasi ya upana wa korido mara tatu iliyo wazi juu, nyumba ya mbele ipumulie hapo. Na juu ya kila mlango wekeni matundu ya hewa yenye wavu, siku hizi watu wanaziba pale wanaweka jipsamu mpaka chini.

Paa: chukueni geji 28 badala ya 30, namba ya geji ikiwa ndogo ndo bati nene zaidi, na iwe rangi ya kupauka, nyeupe au ya bati lenyewe, hizi nyekundu za damu na bluu na nyeusi zinapendeza kwa picha ila zinakusanya joto. Chini ya bati weka ile karatasi ya kung'aa yenye povu kama hela ipo. Dari iwepo, na kati ya dari na bati hewa iingie kwenye ukingo wa paa itokee juu kwenye gebo, ule ukuta wa pembetatu chini ya paa, kupitia matundu yenye wavu. Joto la bati likipata pa kutokea huko juu halishuki chumbani. Mafundi wa jipsamu wataweka katani kushikia, katani ya kwetu wenyewe ya Tanga, hiyo haina shida, shida ni dari ikilowa kwahiyo bati kwanza.

Kuhusu kiyoyozi fanyeni hesabu na kaka mkiwa mmekaa. Kiyoyozi kidogo kikiwa kinafanya kazi kinakula kama wati 900, ukikiwasha masaa nane hata ukisema kinapumzika katikati unaongelea uniti tano kwa usiku mmoja kwa chumba kimoja. Feni ya dari ya wati 60 masaa hayo hayo haifiki nusu uniti. Mwambieni ajenge chumba kinachokalika na feni halafu aweke bomba na soketi za kiyoyozi tayari ukutani, mpangaji anayetaka alete chake na LUKU yake.

Sola ije mwisho, na sisemi hivyo kwa kuidharau, yangu iko juu ya paa miaka na ninaitegemea. Paneli nzuri inakaa miaka 25, huwezi kuifunga juu ya bati litakaloisha kabla yake. Halafu msifunge ya nyumba nzima. Tengeni saketi moja ya vitu vya lazima, taa, feni, friji, chaji za simu, pampu ndogo ya kisima, hiyo ndo iende kwenye inveta, mashine ya kugeuza umeme wa sola uwe wa nyumbani, na betri ya lithiamu, pasi na jiko la umeme vibaki TANESCO. Kwa hapa kwetu kila kilowati moja ya paneli hesabu uniti nne kwa siku ya kawaida, mara nyingi inapita hapo. Zitazame kaskazini na zilale kidogo tu, digrii 10 zinatosha maji ya mvua yaoshe vumbi. Bolti na vishikio viwe vya chuma kisichopata kutu, chumvi ya Tanga haichezi.

---

MamaSahare

Wanangu mnaongea vizuri ila maji mmeyasahau! Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Tanga mwaka wa kawaida inapata zaidi ya milimita 1,000. Paa la mita za mraba 120 hata ukitoa humo maji yanayopotea, moja ya tano, bado ni zaidi ya lita 90,000 kwa mwaka zinapita kwenye gata lako zinaenda kufanya nini? Zinaenda kulowesha huo huo ukuta mnaouhangaikia. Wekeni gata nzima na tangi la lita 5,000 uani kwenye jukwaa imara la zege. Mvua za kwanza baada ya kiangazi ziacheni zioshe bati, wekeni bomba la pembeni la kumwaga nje maji machafu ya mwanzo, halafu ndo mfungulie tangi. Tangi lifunikwe na matundu yote yawe na wavu, mbu wa dengue anataga kwenye maji safi kama hayo hayo. Mi nafulia na kuoshea vyombo na choo maji ya mvua, ya bomba nabakiza ya kupikia na kunywa.

Na mama yenu. Sijasikia mtu amemuongelea mama hapa. Baraza mkiliinua kama fundi alivyosema msimuwekee ngazi tatu za kupanda, mwekeeni mteremko, kwa kila sentimita kumi za kimo mteremko uwe na urefu wa zaidi ya mita moja, na nguzo ya kushika pembeni. Milango ya chumba chake na choo iwe na upana wa sentimita 90, leo anatembea, kesho ikija kiti cha magurudumu mlango wa sentimita 70 haupiti. Choo cha kukaa, karibu na chumba chake, siyo kule uani apite kwenye mvua usiku, na tailizi za chooni ziwe za kukwaruza msichague zile za kung'aa. Magoti hayasubiri nyumba iishe.

Jingine la mwisho, kabla hamjanunua kokoto. Mirathi imefunguliwa? Msimamizi ameteuliwa na mahakama? Maana nyumba ya bibi wana haki wengi, mjomba, mama wakubwa na wadogo, watoto wa waliotangulia. Wekeni kwa maandishi nani anatoa nini na nani anapata chumba gani. Nimeona ndugu wa tumbo moja hawasalimiani kwa ajili ya bati.

---

Kijana_Pongwe

Samahanini kuingilia uzi wa mwenzangu, mi naanza kiwanja kitupu huku Pongwe, nimesikia tofali za kufungamana za udongo zinapunguza simenti, zinafaa au zitayeyuka na mvua?

---

Mjenzi_Kange

Zinafaa mkuu kama udongo unafaa na mashine imekandamiza vizuri. NHBRA, wakala wa serikali wa utafiti wa nyumba na vifaa vya ujenzi, wamezihamasisha sana hizo nchini. Udongo usiwe mfinyanzi mtupu wala mchanga mtupu, unachanganya na simenti kidogo, asilimia 5 mpaka 10, unashindilia, unaziweka kivulini na kuzirashia maji, hazichomwi kwahiyo hakuna kuni. Zinapangwa kwa kuingiliana hivyo udongo wa katikati huhitaji mwingi na ukizipanga vizuri nje huhitaji lipu. Na kupunguza simenti siyo suala la mfuko wako peke yake, viwanda vya simenti duniani vinatoa karibu asilimia 8 ya hewa ya ukaa yote. Ila msingi wako uwe wa mawe au zege na uinuke juu ya ardhi, weka ule mkanda wa kuzuia unyevu, na paa lijitokeze. Kabla ya kununua loweka tofali moja kwenye ndoo usiku kucha, asubuhi likiwa limemomonyoka muachie mwenyewe tofali zake.

---

Mjukuu_Ngamiani

Mirathi ilifunguliwa, mama ndo msimamizi, ila maandishi ya nani anatoa nini hayapo, hilo nalibeba Mama asante sana na shikamoo. Nimemtumia kaka uzi huu wote kasoma, amenipigia simu, hajakubali kila kitu ila kwenye paa la kujificha ameachia na amesema kama atapata vyumba vya nyuma vyenye mlango wake yeye hana neno na kuta za mbele. Kuhusu kubakiza ua bado tunavutana, anataka vyumba vitatu, nitamuonyesha ile ya korido nikiwa nae pale pale tufungue milango yote asikie upepo mwenyewe.

Tunavyofikiria tuanze na mtaro na baraza, halafu kubandua simenti, wakati ukuta unakauka tushughulike na bati na gata na tangi, choo cha mama, ndo lipu ya chokaa, sola mwakani au mwaka wa keshokutwa. FundiMawe swali moja, lipu tukiipanga iangukie Aprili kwenye mvua, si ndo itakuwa rahisi maana hatutahitaji kurashia maji?

---

FundiMawe_Chumbageni

Hapana usifanye hivyo. Chokaa inashika kwa kuvuta hewa polepole na mvua ya Aprili na Mei kwa nje itaikosha kabla haijashika, utaikuta barabarani. Na Januari, Februari nayo siyo nzuri, jua la kaskazi linaikausha juu juu inapasuka nyufa ndogo ndogo kama nywele. Subirini masika iishe, kuanzia Juni mwishoni mpaka Septemba kuna kaubaridi ka kusi, hapo inashika taratibu na magunia hayakauki haraka. Kwa ndani mnaweza kuanza mapema zaidi kama bati mpya imeshapanda.

Loweka chokaa kuanzia sasa, mapipa mawili ya plastiki yatoshe kwa kuanzia. Na zile simenti mtakazobandua msimwage kwenye mtaro mpya. Ukuta ukishakuwa uchi piga picha uweke hapa, hasa kona ile ya barabarani na kuzunguka madirisha, niangalie mawe yamekaaje kabla hamjapanga bajeti ya chokaa.

---

Mjukuu_Ngamiani

Sawa kaka, nitaweka picha tukishabandua ukuta wa mbele.